Asiyekuwapo na Lake Lipo

Mhariri alinipigia simu huku anacheka. Makala niliyomtumia usiku ilikuwa imefika salama, ila faili lilimtaja mwandishi mwingine, mwanamke, na maoni yote niliyoyaweka pembeni yalikuwa na jina lake. "Mzee, siku hizi unaandikiwa?" akauliza. Nikacheka na mimi, kicheko cha mtu aliyekutwa barazani amevaa shati la jirani.

Jina lile nililijua. Nilikuwa nimekaa nalo miezi minne.

Laptopu niliinunua Kariakoo kwa shilingi laki nne na nusu, baada ya ile ya zamani kufa kioo. Sikuinunua kwenye duka lenye viyoyozi. Niliinunua kwa fundi mwenye meza moja chini ya ngazi, mmoja wa wale wanaonunua mashine za watu, wakazipangusa, wakabadilisha chaja au betri, wakauza. Aliiwasha mbele yangu. Akageuza kioo nikione hakina mstari, akabonyeza keybodi herufi moja moja nione zinaandika, akachomoa chaja nione betri inashika. Nikalipa. Kabla sijaondoka akachana kipande cha boksi, akaandika tarakimu nne. "Hiyo ndiyo paswedi ya kuingilia, mzee. Hilo jina la mwenyewe utalibadilisha tu, kazi ya dakika moja."

Kweli ilikuwa ya dakika moja. Nilipoiwasha nyumbani likatokea jina la mwanamke, majina mawili kamili, na juu yake picha ya mtoto wa kike aliyevaa sweta la shule, anacheka, jino la mbele hana. Nikaingiza zile tarakimu nne, nikafuta jina lake nikaandika langu. Nikatoa picha ya mtoto nikaweka yangu, ile ya pasipoti yenye tai. Nikazima, nikawasha. Likaja jina langu. Nikaita watu wa nyumbani waje waone.

Marehemu mama alikuwa na sheria yake juu ya nguo za mtumba. Enzi hizo watu waliziita pia kafa Ulaya, kwa kuwa ilisemekana wenyewe wamekufa huko na nguo zao ndizo zimeletwa kwetu. Kwa mama hakuna nguo iliyovaliwa siku iliyonunuliwa. Kwanza aligeuza mifuko yote nje, kisha akaichemsha, akaianika juani, akaipiga pasi ya mkaa ndani na nje. Siku moja alikuta kwenye mfuko wa koti tiketi ndogo ya basi, ina maandishi ambayo hakuna aliyeyajua pale nyumbani. Akaitazama kidogo, akaitia motoni. Nikiwa mtoto niliona ni woga wa uchawi. Siku hizi nadhani alikuwa anampa mwenye koti nafasi ya kuondoka.

Laptopu yangu sikuigeuza mifuko.

Na nisiseme uongo, nilichungulia. Ilikuwa wiki ya kwanza. Kwenye desktopu palikuwa na folda imeandikwa MAOMBI kwa herufi kubwa, na ndani yake folda ndogo kumi na moja, kila moja ina jina la hospitali au kituo cha afya. Nikafungua moja. Barua ilianza kama barua zote za maombi zinavyoanza: anuani ya mwombaji juu kulia, namba ya simu, tarehe, kisha "Yah:" kwa herufi nzito na mstari chini yake. Nikasoma aya ya kwanza. Ya pili ikaanza kueleza kwa nini mwombaji alikaa nyumbani miaka miwili bila kazi, na hapo nikaona aibu, nikafunga. Nje ya folda ile palikuwa na faili linaitwa "CV mpya", jingine "CV mpya 2", jingine "CV mpya ya mwisho", na baada ya hiyo ya mwisho zilifuata mbili nyingine.

Barua zile sikuzisoma tena. Wala sikuzifuta. Nikaviacha vyake pale vilipokuwa, nikaanza kupanga vyangu pembeni yake, kama mpangaji aliyeingia chumba ambacho mwenzake hajahamisha sanduku.

Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Ni methali ya vikao: usipohudhuria, shauri lako halisemwi, fungu lako halitengwi. Nimeitumia mara nyingi kazini kuwanyamazisha waliochelewa. Kwenye laptopu mambo yamegeuka. Mwenyewe hayupo, tena hajui hata mashine iko mtaa gani, lakini lake lote lipo: barua, mtoto, miaka miwili ya kukaa nyumbani.

Palikuwa na jambo zito kuliko barua. Jioni moja nilitaka kuingia kwenye barua pepe yangu. Nilipobonyeza kile kisanduku cha anuani, ikajitokeza yenyewe anuani yake, na chini yake vinukta vyeusi vimejipanga mahali pa paswedi. Kivinjari kilikuwa kimezihifadhi. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja niwe ndani ya barua zake, na pengine kutoka huko hadi kwingine anakotumia anuani hiyo hiyo. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilitoa mkono kwenye kipanya nikaenda kunywa maji jikoni, na niliporudi nikaandika anuani yangu herufi kwa herufi. Sijisifu kwa hilo. Mtu mwema angekuwa amekwisha kuondoa vinukta vile wiki ya kwanza. Mimi nilikwepa tu, na nikaendelea kuvikwepa kila jioni.

Watu wengi hudhani ukinunua mashine umenunua na vilivyomo. Si kweli, wala si jambo la jana. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: walikusanya diski 158 zilizotumika, wakazichunguza kuona zimebaki na nini. Walikuta namba za kadi za mkopo zaidi ya 5,000, barua za watu, habari za wagonjwa. Diski hizo zilikuwa zimeuzwa kihalali, na waliozinunua walitoa pesa zao. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sidhani kama fundi wangu wa chini ya ngazi ameisikia. Mimi niliisikia redioni, nikadhani ni ya mabenki.

Basi siku ile mhariri alipocheka, nikaamua kumaliza mwenyewe. Nikaingia kwenye diski ya C, nikafungua folda ya Users, ambamo Windows humpangia kila mtumiaji chumba chake. Palikuwa na folda mbili za kuonekana. Moja inaitwa Public. Nyingine ina herufi tano ambazo sitaziandika hapa, mwanzo wa jina la yule mwanamke. Yenye jina langu haikuwapo. Miezi minne ya kazi, tafsiri mbili za vitabu, mirathi ya kaka niliyoichapa kwa vidole viwili, vyote vilikuwa ndani ya zile herufi tano.

Kwa hasira nikaibonyeza ile folda nikaamuru ifutwe. Kompyuta ikakataa: kuna faili limefunguliwa, lifunge kwanza. Nikafunga kila kitu nilichokiona. Ikakataa tena. Aliyelifungua alikuwa mimi, kwa kule kuwamo tu.

Nikampigia mpwa wangu, anasoma kompyuta mwaka wa tatu.

Alikuja Jumamosi. "Shikamoo mjomba." Akala kwanza, maana vijana wa hosteli huwezi kuwapa kazi kabla ya wali. Kisha akaketi, nikamweleza, akasikiliza huku anatikisa kichwa.

"Mshukuru Mungu ilikataa, mjomba. Ingekubali ungezifuta na kazi zako mwenyewe."

"Lakini jina nilibadilisha."

"Ulibadilisha kibao cha getini. Hati bado ni ya dada wa watu." Akafungua dirisha jeusi, akaandika maneno mawili, ikatokea namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ikaendelea karibu hadi mwisho wa mstari. "Windows haikujui kwa jina. Akaunti ikifunguliwa inapewa namba hii, na folda inapewa jina siku hiyo hiyo. Huyu dada alipoianza alitumia barua pepe, Windows ikachukua herufi tano za mwanzo za anuani yake, ikaiita folda hivyo. Jina la juu ulibadilishe mara mia, la folda halibadiliki. Humu ndani, mjomba, wewe ndiye yeye."

Nimefanya kazi ofisi za umma miaka thelathini na moja. Nimepokea mabosi sita. Karibu wote walianza kwa kibao cha mlangoni, kisha pazia, kisha kiti. Mmoja tu aliomba kwanza orodha ya mafaili yaliyokuwa hayajaisha, akakaa nayo wiki nzima, akaniita kuniuliza hili la nani, lile limekwama wapi. Yule hakugusa pazia hata siku moja. Wale watano wengine, hadi wanahamishwa, tulikuwa bado tunafanya kazi kwa maagizo ya waliowatangulia, kwa kuwa maagizo mapya hayakuwahi kutolewa.

Mpwa wangu alisema njia safi kuliko zote ni kupiga windo upya, au kuirudisha mashine mwanzo kabisa kwa ile Reset ya kuondoa kila kitu. Ndivyo fundi alivyopaswa kufanya kabla ya kuniuzia. Lakini zilikuwamo programu za kazi ambazo nisingezipata tena, na kwa kifurushi changu cha intaneti tusingefika. Tukakubaliana kuondoa profaili ya mwenyewe na kuacha mashine ilivyo.

"Sasa tuifute," nikasema.

"Haifutwi ukiwa ndani yake. Kwanza tukujengee chumba chako, tukupe na mamlaka. Ukitoka humu na kuingia kule, ndipo tutakapoweza kukibomoa hiki."

Akafungua akaunti mpya, akaipa cheo cha msimamizi, akanitaka nichague paswedi mwenyewe huku yeye anatazama ukutani. Nilipenda adabu ile. Nikaingia kwa mara ya kwanza kwenye desktopu tupu, haina hata faili moja. Folda ya tatu ikaonekana ndani ya Users, ina jina langu.

Kazi iliyochukua muda ilikuwa kuhamisha vyombo. Miezi minne nilikuwa nimetupa mafaili yangu popote palipo wazi: mengine katikati ya barua zake, mengine kwenye folda yake ya mahubiri, picha za mahari ya binti yangu zimekaa pamoja na za yule mtoto asiye na jino. Kijana akapanga kila folda kwa tarehe. Siku niliyonunua laptopu ikawa mpaka: ya kabla ya siku hiyo ni yake, ya baada ni yangu. Hata hivyo yalikuwapo machache ya kusuluhisha. Nilikuwa nimechukua faili lake moja la bajeti ya nyumba, lenye mistari mizuri ya jedwali, nikafuta namba zake nikaweka zangu. Chini kabisa ulikuwa umebaki mstari mmoja nisiouona: "ada ya mtoto". Nikauliza hili ni la nani. Kijana akasema, "Amua wewe, mjomba." Nikaliacha, nikaenda kuchora jedwali langu upya. Tulianza saa nane, tukamaliza magharibi inaadhini.

Kabla ya kufuta nikaona haitoshi. Nikampigia fundi. "Mzee, mali ilishalipwa hiyo, futa tu," akasema. Nikamwomba amtumie mwenyewe ujumbe: picha za mtoto zipo, barua zipo, anazitaka? Namba yake ya simu mimi nilikuwa nayo, ipo juu ya ile barua, ila sikutaka kuitumia namba niliyoipata kwa kuchungulia.

Haikupita saa nzima simu ikaita.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye uliyenunua laptopu?"

"Marahaba mwanangu, ndiye mimi."

"Mbona nilidhani walishafuta? Nilitoa elfu kumi kabisa wanifutie." Hakutaja alimpa nani, nami sikuuliza. "Picha ninazo kwenye simu. Futa vyote, baba. Na asante."

Nilitamani kumuuliza kama kazi aliipata. Swali lilikuwa mdomoni. Ila kuliuliza kungekuwa kumwambia kwamba nimesoma, kwamba najua ile miaka miwili. Nikameza. Kimya changu kilipozidi, akasema, "Samahani baba, acha nikate, nipo zamu."

Nikakaa na simu mkononi. Mpwa wangu akaniuliza kwa nini natabasamu, nikamwambia twende kazi.

Sasa tukaja kwenye kitufe chenyewe. Kijana akafungua setingi, akaenda kwenye akaunti, kwenye orodha ya watumiaji wengine, akanipisha. Akaunti ya kufutwa ilikuwa pale, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa langu, na picha yangu ya pasipoti yenye tai. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyembatiza. Windows ikauliza kama nina hakika, kwa kuwa kufuta akaunti hii kutafuta na data yake yote: nyaraka, picha, kila kitu. Yaani nilipe kitu nilichokianza kwa dakika moja kwa kujiondoa mwenyewe, jina na tai. Kijana alicheka hadi akashika meza. Nikabonyeza.

Haikuchukua dakika tatu. Tulipofungua Users, zile herufi tano hazikuwapo, zimebaki Public na yangu.

Nikataka kufunika kioo, akanizuia. Faili likifutwa, alisema, kinachoondoka mara moja ni habari ya mahali lilipo. Maandishi yenyewe hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na mwenye programu ya kufukua huyapata. Ndiyo maana wale wa MIT walikuta walichokikuta. Laptopu yangu ina diski ya kizamani, ile inayozunguka. Akarudi kwenye dirisha jeusi akaandika amri ya cipher, inayopita kwenye nafasi zote tupu za diski na kuandika juu yake mara tatu: mara ya kwanza sifuri tupu, mara ya pili kinyume cha sifuri, mara ya tatu namba za kubahatisha. Akasema itachukua usiku kucha, tuombe umeme usikatike. Nikalala nikiisikia inakoroma mezani. Asubuhi ilikuwa imemaliza.

Jambo moja alilolisema wakati wa chai limenikaa zaidi. Nilimuuliza, kwa mzaha, ikiwa yule dada angetaka kuinunua tena laptopu yake, angekuta mlango wake? Akasema hapana. Unaweza kumfungulia akaunti kwa jina lile lile, herufi zile zile, Windows itampa namba mpya. Ile ya zamani kwenye mashine hii haitolewi tena kwa mtu yeyote, hata kwake. Nikakumbuka nilivyorudi kufundisha kwenye shule yangu ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, nikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani katika chumba cha walimu, nikashangaa kukuta kina mwenyewe. Nilinuna muhula mzima. Bora ningejitambulisha.

Jumatatu nikamtumia mhariri makala nyingine. Akajibu kwamba safari hii mwandishi ni mwanamume, hongera.

Alasiri hiyo likanijia la kwangu. Kompyuta ya ofisini niliyoitumia hadi siku ya kustaafu niliiacha imewaka. Sikufuta kitu, tulikuwa tunakimbilia keki. Nikampigia aliyerithi kiti changu, tukasalimiana sana, kisha nikamuuliza kama folda yangu bado ipo.

"Ipo, mzee wangu, mbona tunaitumia? Na picha za sendofu ya binti zimo, mlipendeza kweli. Hata ile barua yako ya kuomba mkopo ipo."

Nikamwomba aifute. Akasema ataifuta akipata nafasi.